Alichoiambia Simu

Siku ya kwanza Hamira alipolala kwenye kochi, mkewe alidhani ni uchovu tu. Mtu ametoka kiwandani asubuhi, miguu imevimba kwa kusimama mbele ya tanuri tangu jana jioni, amekaa sebuleni avue viatu na usingizi ukamchukua palepale. Akamfunika shuka, akarudi chumbani kwa kunyata. Kesho yake akaona mto wa mumewe umehamia sebuleni. Baada ya hapo ikahama taulo, zikahama nguo za kazini, mwishowe ukahama hata mswaki, ambao miaka yote ulikaa kikombe kimoja na wa kwake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia, na pazia lile jepesi likaanza kuwa zito kama ukuta.

Mke alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata watoto wadogo. Mume alipewa jina la Hamira na wenzake wa kiwanda cha mikate, kwa sababu ya mashavu yake yaliyojaa na kwa sababu hasira zake, kama zilikuwapo, ziliumuka polepole mno. Wao wenyewe waliitana Mama Chiriku na Baba Chiriku, kwa ajili ya binti yao wa pekee aliyeanza kusema mapema na hakunyamaza tena. Chiriku sasa alikuwa chuo cha ualimu, mji mwingine. Alipoondoka aliondoka na kelele zote za nyumba.

Fundi alikuwa na saratani ya titi. Titi la kushoto lilikwisha kuondolewa, na sasa alikuwa kwenye dawa za dripu, zile zinazoingia mwilini kwa upole mgonjwa akiwa ameegemea kiti, kisha zikifika ndani zinafanya vita. Nywele zilikwenda, zikafuata nyusi. Chumbani alikuwa na kioo kirefu cha kupimia wateja. Siku ile mto ulipohama alisimama mbele yake, akafungua vifungo vya gauni, akajitazama. Kovu lilikatiza kifuani kama mshono wa fundi mwenye haraka. Akavifunga vifungo, kimoja kimoja.

"Basi," akasema. Sauti yake ikamshtua mwenyewe, maana hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Aliyemuuliza hali kila siku ilikuwa simu. Asubuhi ililia mlio mwepesi, kama kijiko kwenye glasi, na maneno yakatokea: *Habari za leo. Unajisikiaje?* Ilikuwa programu ya hospitali. Chiriku ndiye aliyeiweka, wakati wa likizo, siku ambayo mama yake alikuwa amelala hoi baada ya dripu. Kesho yake alimwelekeza harakaharaka, begi likiwa tayari begani. "Itakuuliza kichefuchefu, uchovu, vidonda mdomoni, ganzi, homa. Wewe bonyeza uso. Wa kijani ni nafuu, wa manjano ni hivi hivi, mwekundu ni hali mbaya. Hapa chini unaandika maneno. Wauguzi wanasoma, mama. Usiwafiche kitu."

Mwanzoni hakuwaficha. Programu ilipotaka kujua kichefuchefu chake kinaletwa na nini, alikaa na swali lile muda mrefu. Jibu alikuwa nalo, ila hajawahi kulitamka. Akaandika: *Harufu ya mkate. Mume wangu akirudi kazini natapika.* Alipoyasoma tena aliyaona maneno makali, akaongeza: *Si kosa lake.* Akatuma.

Mbele ya Hamira asingeweza kulisema hilo hata kwa kushikiwa fimbo. Nyumba hii ilisimama kwa mkate. Chiriku alisomeshwa kwa mkate. Harufu ile aliolewa nayo, akailalia kifuani miaka yote, akaipenda. Sasa ikipita mlangoni tu, tumbo linapanda hadi kooni. Mtu anaanzia wapi kumwambia mwenzake kwamba anamtapisha? Simu haina moyo wa kuumia, alifikiri. Aliiambia simu.

Kisha mume akahamia kochini, na Fundi akaacha kusema kweli hata kwa simu. Aligundua kwamba akibonyeza mwekundu, muuguzi hupiga, na kati ya maswali yake kuna moja lisilo na kona ya kujifichia: "Uko na nani hapo nyumbani?" Angejibu nini? Niko na mtu, lakini yuko upande wa pili wa pazia? Kijani kilimaliza maswali upesi. Kijani, kijani, kijani, asante, siku njema.

*

Wateja nao walipungua. Mmoja, mama wa mtaa wa juu aliyekuwa ameleta kitambaa cha gauni la mahafali la bintiye, alikuja asubuhi akasimama mlangoni bila kuingia.

"Fundi, nimefuata kile kitambaa."

"Sijakikata bado. Tulisema Ijumaa."

"Najua. Ndiyo maana nimewahi, kabla hujakikata." Akacheka kidogo, peke yake. "Si kwa ubaya, mama. Nimeona nikupe nafasi upumzike. Halafu mwanangu ana ngozi laini sana, na hizo dawa zenu, wanasema zinatoka na jasho."

"Hazihamii kwenye nguo."

"Mimi sijasema zinahamia. Nimesema wanasema."

Fundi alikichukua kitambaa rafuni akaanza kukikunja, na hapo ndipo aibu ya pili ilipomkuta. Pembe hazikukutana. Alizivuta, zikateleza. Alikuwa kama mtu aliyevaa glavu nene. Aliona kitambaa kiko kati ya vidole lakini vidole havikumwambia kitu. Yule mama akaangalia pembeni. Mwishowe akanyoosha mkono, akakichukua vilevile kilivyo, akakisokomeza kwenye mfuko.

"Pona haraka," alisema. "Mtaa mzima unakuombea."

Ganzi ilikuwa imeanzia kwenye ncha za vidole na sasa ilifika kwenye maungio. Programu iliiulizia kila siku: *Je, una ganzi au mchomo mikononi na miguuni?* Na kila siku Fundi alibonyeza *hapana*. Aliwahi kumsikia mgonjwa mmoja kliniki akisimulia kwamba aliposema ana ganzi, daktari alimpunguzia dawa. Fundi hakusubiri kusikia mwisho wa habari ile. Dawa ikipunguzwa, alijiambia, ugonjwa utapata upenyo. Tena kulikuwa na lingine alilolificha hata nafsi yake: nywele zimekwenda, titi limekwenda, mume amekwenda upande wa pili. Mikono akiitaja na yenyewe kwamba imekwenda, atabaki nani wa kuitwa Fundi?

Jioni moja ya wiki hiyo alikuja wifi yake, dada wa Hamira, mwanamke wa kuingia bila kubisha. Alijitupa kwenye kochi, akahisi kitu mgongoni, akauchomoa mto.

"Nani analala hapa?"

"Kaka yako. Anachoka sana na zamu siku hizi."

Wifi aliutazama mto, akamtazama Fundi, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kifuani, na macho yake yakatulia pale upande wa kushoto ambapo blauzi ilikaa bapa.

"Mvumilie, wifi," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake siri nzuri. "Wanaume macho yao ni ya kitoto. Kaka yangu hana ubaya. Angekuwa mwingine angeshaondoka kabisa."

Fundi alimpa chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akiangalia vidole ili ahakikishe vimeshika.

*

Wifi alikosea, na Fundi alikosea. Ukweli ulikuwa kwenye bafu la kiwanda cha mikate.

Zamu ilipomalizika, wenzake wa Hamira walitikisa aproni, wakanawa mikono na kukimbilia nyumbani. Yeye aliingia bafuni na mche wa sabuni ya kufulia. Alijisugua shingo, kwapa, nyuma ya masikio, akachokonoa unga kwenye kucha kwa kijiti. Alirudia tena. Ngozi ya mikono yake, iliyokwisha kukaushwa na tanuri, ilipasuka na kutoka damu kwenye viungo vya vidole. Shati la kwenda nyumbani alilifungia kwenye mfuko wa plastiki ili lisikae na hewa ya kiwandani.

"Hamira, unaoa tena?" walimtania. "Mzee mzima unajisugua kama bwana harusi!"

"Mwacheni, kuna mtu kamwambia ananuka."

Walicheka, naye akacheka nao. Hakuna aliyejua kwamba utani ule ulikuwa umelenga kidonda chenyewe.

Chiriku alipoweka programu kwenye simu ya mama yake, aliiunganisha pia na ya baba. Hospitali ilitaka mtu mmoja wa karibu aone majibu, na apigiwe kengele ikitokea hatari. "Mwambie mama akiamka," alimsisitiza. Hamira aliitikia. Lakini kabla hajapata namna ya kuanza maneno, jibu lile likatokea kwenye kioo cha simu yake, akalisoma amesimama kati ya trei mbili za mikate ya moto. *Mume wangu akirudi kazini natapika.* Alilisoma tena. Akamwomba msimamizi ruhusa ya kwenda uani, akakaa juu ya gunia la unga, akaitazama mikono yake.

Hakukasirika. Kama angekasirika ingekuwa afadhali, wangegombana yakaisha. Aliona haya. Alijiona ni sumu, mtu ambaye akimkaribia mgonjwa wake anamzidishia. Na kwa kuwa mkewe aliiambia simu na hakumwambia yeye, aliona hakutaka ajue. Basi atafanya kama hajui. Ataoga, atakaa mbali, hatamfanya ajutie alichoandika.

Tangu ahamie kochini, nyuso zikawa za kijani. Kila asubuhi, kabla hajatoka kiwandani, alifungua simu: kichefuchefu, kijani. Uchovu, kijani. Ganzi, hapana. Moyo wake ulipoa na kuuma kwa pamoja. Kumbe kweli ni mimi, alifikiri. Nimesogea, na mwenzangu amepata nafuu.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Mke alibonyeza kijani kwa sababu mume yuko mbali, na mume alikaa mbali kwa sababu ya kijani.

*

Fundi alichukua kazi ya kushona mashati ya sare ya shule. Ilikuwa kazi nyepesi, mishono iliyonyooka. Aliitaka ili ajithibitishie. Alikuwa katikati ya kola aliposikia cherehani likikwama. Alikanyaga tena. Halikwenda. Alipoinama aone uzi umejifunga wapi, aliona shati jeupe lina doa jekundu, na doa linakua. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole chake cha shahada, ukucha na vyote, na yeye hakusikia hata kama kuumwa na sisimizi.

Alizungusha gurudumu kwa mkono, akakitoa kidole. Jambo la kwanza alilofanya ni kuliloweka shati kwenye maji baridi. Jeraha la kidole alilifunga kipande cha kitambaa, akavaa tondoo, ile kofia ya kidole ya washonaji, juu yake ili lisionekane. Hamira alipoamka mchana kujiandaa kwenda kazini alipita karibu na pazia, akasimama.

"Upo salama?"

"Nipo."

"Unahitaji kitu?"

"Hapana. Wewe nenda, utachelewa."

Alisikia viatu vyake vikisita mlangoni, kisha vikaenda.

Kidole kikavimba, kikang'aa, kikawa na joto lake chenyewe. Programu haikuwa na swali la kidole. Asubuhi moja aliamka akiwa mzito, na ilipofika adhuhuri baridi ilikuwa imemwingia hadi kwenye mifupa. Alijifunika blanketi, akaongeza koti la Hamira lililobaki nyuma ya mlango, na bado meno yaligongana. Alikwenda akafunua pazia. Mumewe alikuwa amelala chali kwenye kochi lililokuwa fupi kwake, magoti yameinuka, mdomo wazi, na ndani ya sikio moja kulikuwa na unga kidogo ambao sabuni haikuufikia. Alitamani kumgusa bega. Akakumbuka maneno ya wifi, *angekuwa mwingine angeshaondoka*, akaliachia pazia.

Alichukua kipimajoto. Namba ilikuwa imeipita ile waliyoambiwa kliniki wasiichezee. Alikaa kitandani akiishika simu kwa viganja. Alifikiria kubonyeza kijani. Alifikiria hivyo kwa dhati kabisa, na baadaye jambo hilo lilimwogopesha kuliko homa yenyewe: kwamba ilibaki kidogo tu abonyeze. Lakini baridi ilizidi, naye akaandika namba ile jinsi ilivyo.

Kioo kizima kikawa chekundu. *Nenda hospitali sasa hivi. Usisubiri.* Na sebuleni, nyuma ya pazia, kengele ikapiga. Haikuwa ule mlio wa kijiko kwenye glasi. Ulikuwa mlio wa kuamsha wafu.

Pazia lilichanika kwenye pete zake. Hamira alisimama mbele yake, miguu mitupu, simu mkononi.

"Una homa tangu lini?"

Fundi alimtazama kana kwamba aliyeingia ni mtu mwingine. "Umejuaje?"

"Vaa viatu. Hapana, kaa, nitakuvalisha mimi."

"Baba Chiriku, umejuaje?"

"Simu imeniambia."

*

Alikodi gari la jirani. Fundi alikaa nyuma, amejikunyata ndani ya koti, na Hamira akaingia upande wa pili, akajibana hadi mlangoni kabisa. Alishusha kioo, akatoa kichwa nje, upepo ukampiga usoni.

"Mbona umekaa huko?" mkewe akamuuliza.

"Sijaoga tangu nilipoamka."

"Ndiyo utoe kichwa nje kama mbuzi?"

Dereva alitazama mbele. Hamira alikirudisha kichwa, lakini hakusogea. "Nisije nikakutapisha," alisema.

Gari lilipita makutano na soko la mitumba. Fundi alikuwa anatetemeka, na katikati ya kutetemeka huko neno lile likaanza kumwingia taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa kizito.

"Ulisoma."

"Nilisoma."

"Tangu lini unasoma?"

"Tangu mwanzo. Chiriku aliiweka kwangu pia. Aliniambia nikwambie."

"Na hukuniambia."

"Ungeniambia wewe kwanza," alisema Hamira, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mke wangu anaiambia simu kwamba nanuka, mimi nasimama na trei mkononi, nifanye nini? Nikasema kama anataka nijue atasema. Nikangoja. Nikaona nihame kwanza."

"Kwa hiyo ulihamia kochini kwa sababu ya mkate."

"Sasa kwa sababu ya nini?"

Mkono wa Fundi, ule wenye kidole kilichofungwa, ulikwenda wenyewe hadi upande wa kushoto wa kifua, ukatulia pale. Hamira aliuona. Alikuwa mtu wa kuelewa polepole, lakini hilo alilielewa, na rangi ikamtoka usoni.

"Mama Chiriku," alisema. "Wewe. Miezi yote hii ulikuwa unafikiri hivyo?"

"Nilifikiri unaona kinyaa."

"Kinyaa!" Alipiga paja lake kwa kiganja. Akageukia dirisha. Dereva aliwasha redio kwa sauti ndogo, akaizima tena.

Walipokaribia geti la hospitali alisema, bila kugeuka, "Nilipohama ukawa kijani. Kila siku kijani. Nikasema, basi inamsaidia."

"Nilikuwa nabonyeza tu," alisema Fundi.

*

Hospitali haikuwakawiza. Mgonjwa wa dripu mwenye homa hapangi foleni, na waliokuwa kwenye mabenchi walinung'unika kumwona akipitishwa. "Na sisi tumekuja kutembea?" mmoja akauliza. Walimtoa damu, wakamwekea maji na dawa za kuua vijidudu kwenye mshipa, wakamlaza chumba cha peke yake kwa kuwa kinga yake ilikuwa imeshuka mno. Muuguzi wa kliniki, mwanamke kijana mwenye sauti ya kukwaruza, ndiye aliyefungua kile kitambaa kidoleni. Usaha ulikuwa umeanza.

"Hii imetokea lini?"

"Siku chache. Sindano ya cherehani."

"Na hukusikia maumivu?"

Fundi alitazama dari.

"Hukusikia," muuguzi alijijibu. Akagusa ncha za vidole vingine kwa pamba. "Hapa? Hapa? Na hapa?" Kisha akafungua simu yake ya kazini. "Humu umesema huna ganzi. Kila siku umesema huna."

"Nilisikia mnapunguza dawa."

"Tunapunguza, au tunabadilisha, ili usipoteze mikono. Daktari anajua anapunguza nini na anaacha nini. Sisi huku tulikuwa tunakuona wewe ndiye mgonjwa wetu anayeendelea vizuri kuliko wote." Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo ikauma zaidi. "Mama, sisi tunatibu unachotuambia."

Hamira alikuwa amesimama mlangoni na barakoa waliyompa. Alisikia yote. Alipoulizwa kama amewahi kuona mkewe akiangusha vitu, akishindwa kufunga vifungo, alitikisa kichwa. Alikuwa amemtazama kwenye simu kila siku, akakosa kuona mikono yake.

Chiriku alipopigiwa alilia kwanza, kisha akaanza kusema bila kituo, na sauti yake ikajaa chumba. "Baba, si nilikwambia umwambie! Mama, si nilikwambia usiwafiche! Nyie mko nyumba moja! Kuna pazia tu hapo! Mnataka niache chuo nije niwe posta?"

Wazazi walitazamana juu ya simu iliyolala kitandani. Fundi alianza kucheka, akakohoa, akashika ubavu. Hamira alicheka ndani ya barakoa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwao kucheka jambo moja, na kicheko hakikudumu, maana muuguzi alikuja kumwambia Hamira muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Alirudi nyumbani peke yake, akalikuta shati la sare bado liko kwenye beseni, limekauka maji, doa limebaki. Alilifua yeye.

*

Homa ilikubali dawa. Kidole kilipona, ingawa ukucha uliota ukiwa umepinda. Dawa ya dripu ikabadilishwa, na daktari hakuwaficha: ganzi inaweza kupungua polepole, inaweza pia kubaki hivyo ilivyo. Cherehani lilifunikwa. Fundi alilitazama kila siku kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemnunia. Kuna siku alikaa mbele yake bila kulifunua, akakanyaga pedali mara chache, akaondoka.

Hamira hakuacha zamu za usiku. Hawakuwa na njia nyingine. Chumba kilibaki na saa ndefu zisizo na mtu, na simu iliendelea kulia asubuhi na maswali yake yaleyale. Fundi sasa aliijibu kweli. Manjano ilikuwa nyingi. Siku nyingine nyekundu. Alipoulizwa yuko na nani nyumbani alisema, "Mume wangu yupo kazini, atarudi asubuhi," na hilo lilikuwa jibu zuri, ingawa halikufupisha usiku.

Asubuhi ya kwanza baada ya kutoka hospitali Hamira alifika ameoga, akasimama kwenye kizingiti cha chumba. Hakujua afanye nini na mikono yake.

"Niishie wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Harufu. Nikifika wapi inakushika? Usinifiche, niambie."

Fundi alivuta hewa kwa uangalifu, kama mtu anayeonja. "Sogea. Sogea tena. Hapo. Hapo simama."

Ilikuwa kwenye kona ya kabati, karibu na kioo cha wateja. Hamira alileta stuli akaiweka palepale, akakaa. Wakatazamana kwa umbali huo, mke kitandani na mume kwenye stuli, kama watu wanaosubiri daktari. Hawakuwa na mazoea ya kukaa hivyo. Mume alimsimulia kwamba msimamizi mpya hajui kutofautisha unga mzuri na mbovu. Mke alimsimulia alivyoota amepungukiwa na uzi. Usingizi ulipomzidi, Hamira alikwenda kochini, na pazia, lililokuwa limerudishiwa pete zake, lilibaki limefunguliwa.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Siku nzuri stuli ilisogea hadi miguuni pa kitanda. Siku mbaya iliishia mlangoni, na waliongea kwa kupaza sauti, jirani akasikia kila kitu. Baada ya dripu haikuingia kabisa. Hamira alikaa sebuleni akimsikia akijipindua, akijua hata salamu yake ina harufu. Siku hizo zilikuwa ndefu kwa wote wawili, na hakuna programu iliyokuwa na uso wa kuzionyesha.

Dripu ya mwisho kwa mwaka ule ilimkung'uta kuliko zote. Asubuhi yake simu ililia, ikalia tena, Fundi asiijibu. Hamira aliingia kutoka kazini, akaona uso wa mkewe umegeukia ukutani na mabega yanatikisika bila sauti. Alisimama mlangoni. Hakuthubutu kuuliza niishie wapi, maana jibu aliliona.

"Nipo huku sebuleni," alisema. "Ukitaka kitu ita."

"Njoo."

"Mpaka wapi?"

Fundi aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, midomo imekauka. Alinyoosha ule mkono usiosikia kitu, akapiga godoro kando yake.

"Hapa."

"Mama Chiriku, nimetoka kazini sasa hivi. Maji yalikatika, sijaoga. Utatapika."

"Nitatapika," alisema Fundi. "Njoo tu."

Hamira alitazama huku na huku. Akachukua beseni, akaja nalo, akakaa kitandani.